Na sisi wa pikipiki ni watumiaji wa barabara

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Jumamosi klabu yetu tulitoka Dar kwenda Iringa, kama km 500 hivi, pikipiki 14, vizibao vya kung'aa, taa tumewasha mchana kweupe, sasa kufika Mlima Kitonga si basi likaovateki kwenye kona linashuka, mwenzetu ikabidi aingie mtaroni, saitimira ikavunjika na goti likachubuka, dereva hata breki hakugusa! Mbele kidogo trafiki akatusimamisha sisi, eti tunashindana (tulikuwa spidi 40 nyuma ya lori jamani).

Helmeti tunavaa, leseni tunazo. Wanaoovateki kwenye kona nao wakamatwe, na ile dizeli inayomwagika pale mlimani imwagiwe mchanga, gari halisikii ila tairi mbili ni kama umekanyaga sabuni.

Mwendesha pikipiki, Tabata