Waefeso 5 haina mstari mmoja tu

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe waume wenzangu wa mialo ya uvuvi ya Mwanza kwamba Waefeso mlango wa 5 haukomei mstari wa 22, ule unaowataka wake wawatii waume zao. Mstari wa 21 unatutaka tunyenyekeane, na wa 25 unamwagiza mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa hata akajitoa kwa ajili yake. Huo hatuutaji sana nyumbani, nadhani kwa sababu una gharama. Mbalamwezi inapong'aa na wavuvi wa dagaa wakapumzika, mke hubaki akipepeta na kuuza dagaa sokoni Mwaloni Kirumba, huku mume akidai utii na fedha ya mauzo ikiishia kilabuni, ilhali watoto hawana madaftari. 1 Timotheo 5:8 humhesabu asiyewatunza walio wake kuwa mbaya kuliko asiyeamini. Wachungaji wausome nao kwenye ibada za ndoa.

Msomaji wako,
Igombe, Mwanza