Ukazione Zile Difu Kabla Sijatuma Hela

Lushoto

Ndugu yangu Mpemba,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, ni baridi tu. Mama Zuhura anakusalimu, anasema deni la vitenge halifutwi kwa kunyamaza. Mimi hapo simo.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu ya difu, zile gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Yule Mpare wetu kanipigia, kasema kule Gerezani, Dar, kuna mtu ana difu mbili za Range Rover ya zamani, ya mbele na ya nyuma, na nikizubaa zitaondoka. Gari langu unalijua, Land Rover Series III fupi, ya petroli. Difu zake ni 4.7, yaani propela, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi, inazunguka mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Za kulimia kabisa. Kutoka Segera hadi Chalinze, kwa mwendo wa 80, injini inapiga karibu mizunguko 3,300 kwa dakika. Mimi na aliyekaa pembeni tunaongea kwa ishara. Za Range Rover ni 3.54, na kwa mwendo uleule injini ingeshuka hadi 2,500 hivi.

Fundi wangu anataka tubadilishe ya nyuma peke yake, eti "ya mbele huitumii." Huitumii! Masika ikifika atakuja yeye kunisukuma? Nyuma 3.54, mbele 4.7, siku nikitaka magurudumu yote manne yavute yatagombana yenyewe kwa yenyewe mpaka kitu kikatike. Ni zote mbili au basi.

Ila kinachoninyima raha ni kingine. Kila mtu ananiuliza nitapandaje Soni, ule mlima wa kutoka Mombo kuja Lushoto, na difu ndefu namna ile, yaani ya namba ndogo. Bwana, napanda mtupu! Kabichi zinashuka, hazipandi. Hofu yangu ni kushuka Mombo na mzigo, breki zenyewe ni za ngoma magurudumu yote, na siku zote injini ndiyo inayonishikia gari. Difu ikiwa ndefu injini inashika kidogo. Nimekaa nikapiga hesabu: gia ya tatu ya sasa, uwiano wake 1.5 mara 4.7 ya difu, ni 7 na ushee, na namba ikiwa kubwa injini inashika zaidi. Gia ya pili kwa difu mpya, 2.22 mara 3.54, inakaribia 7.9. Kwa hiyo nikishuka na ya pili nitashikwa zaidi kidogo kuliko ninavyoshikwa sasa na ya tatu. Hesabu inakubali. Tumbo bado. Zile kona unazijua mwenyewe.

Halafu spidimita. Waya wake unatoka kwenye giaboksi, haujui kama difu imebadilika. Mshale ukisoma 50 mimi niko 66, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hawatakuwa na muda wa kusikiliza habari za difu.

Sasa ombi lenyewe. Nenda ukazione. Usihangaike kuhesabu meno ya krauni, ile gia kubwa ya ndani, utachanganyikiwa: ya 4.7 ina meno 47, ya 3.54 ina 46, na muuzaji atakuwa anakusemesha. Piga chaki kwenye krauni, zungusha kwa mkono pale inapofungwa propela mpaka chaki irudi ilipokuwa. Ukizungusha mara tatu na nusu na kidogo, ndiyo yenyewe. Ukikaribia tano, mshukuru uondoke. Kisha chungulia tundu la hafu shafti, ile inayotoka kwenye difu kwenda gurudumuni. Nataka lenye meno 10 manene. Za baadaye zina 24 membamba, shafti zangu hazitaingia. Na asizifungue! Krauni na pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha, zimesagana pamoja. Zikivurugwa zikarudishwa ovyo zitanililia hadi Korogwe.

Yule mzee wa Korogwe ananishauri niachane na difu, nitafute ovadraivu ya Fairey, gia ya ziada inayopunguza mizunguko karibu kiasi hichohicho, na mlimani unaitoa tu. Sina cha kumbishia, ingenimalizia hata hii hofu ya Soni. Lakini bei yake, na kuipata yenyewe...

Hivi wewe umewahi kushuka na mzigo kwenye gari la difu ndefu? Ngoma zilichemka? Ungekuwa mimi ungechukua hizi au ungesubiri ovadraivu? Oili ya difu, ile namba 90, huko mnauziwaje siku hizi? Na shemeji kaishia wapi na ile kesi ya kiwanja? Nipigie ukiwa palepale dukani, nataka niisikie hiyo difu ikizungushwa.

Wako,
Baba Zuhura