Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Ufundishaji Shirikishi katika Madarasa Yetu

Ndugu wanachama,

Mkutano wetu uliopita uliamua kwamba chama chetu cha walimu wa sayansi na hisabati kishughulikie jambo moja tu kwa mwaka mzima, nalo ni kumfanya mwanafunzi afikiri darasani badala ya kunakili. Uamuzi huo uliangukia wakati mwafaka, kwa kuwa mitaala iliyoboreshwa ya Tanzania ilianza kutumika kwa awamu Januari 2024. Hata hivyo, sote tunafahamu kuwa mtaala wa sekondari unaojenga umahiri tunao tangu 2005, na kwamba miaka yote hiyo wengi wetu tumeandika "njia shirikishi" katika andalio la somo, kisha tukaingia darasani na kuhutubia.

Niseme wazi kwamba tulianza vibaya, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nilidhani kugawa vikundi ndiko kushirikisha. Niliwaweka wanafunzi wa kidato cha pili katika makundi ya watu kumi na wawili, nikawapa bango kitita na kalamu, na mwenzangu aliyekuja kuliangalia somo akaketi nyuma na kuhesabu: katika kundi lililokuwa karibu naye, msichana mmoja aliandika, wavulana wawili walimsomea kitabuni, na tisa waliobaki walisubiri kengele. Kelele zilitosha kumridhisha yeyote apitaye dirishani.

Kilichotutoa hapo ni utaratibu ambao Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwalimu huuliza swali moja lenye mtego, kila mwanafunzi huchagua jibu peke yake, hujadiliana na jirani yake, kisha hupiga kura upya. Hauhitaji umeme wala kuhamisha madawati, na katika darasa la wanafunzi tisini wanaokaa watatu watatu, jirani hatafutwi.

Mwanachama mmoja aliingia darasani na ndoo ya maji na machungwa mawili, moja likiwa na ganda na jingine limemenywa, akauliza ni lipi litakalozama. Karibu darasa zima lilinyoosha mikono kwa lile lenye ganda, kwa hoja kwamba ndilo zito zaidi. Akawapa dakika mbili, akawa anazunguka bila kusema neno. Kura ya pili ikagawanyika, na mvulana wa dawati la nyuma akashikilia kwamba hata jahazi ni zito na halizami. Ndipo alipoyatumbukiza. Lenye ganda likaelea, lililomenywa likatua chini ya ndoo, na walio nyuma wakapanda juu ya madawati ili waone. Baada ya hapo mwalimu alieleza densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayoichukua, kwa dakika kumi, akiwaonyesha jinsi ganda linavyobeba hewa. Nasisitiza kwamba alieleza: hatujapiga marufuku maelezo ya mwalimu, tumeyasogeza tu yaje baada ya swali. Mabishano yalikuwa kwa Kiswahili na majibu yakatolewa kwa Kiingereza, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo inavyofaa, maana mtoto hawezi kubishana kwa lugha anayoitafuta neno kwa neno.

Jambo la pili tulilojaribu ni kunyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba baada ya kuuliza swali walimu husubiri takribani sekunde moja tu, na kwamba wakifikisha tatu majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Sekunde tatu mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu kuliko mnavyodhani.

Malalamiko yalikuwepo. Wapo wanafunzi waliosema kuwa mwalimu hafundishi, anauliza tu. Hilo lisituvunje moyo, kwa sababu utafiti wa Harvard uliochapishwa 2019 uliwakuta wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa wakiamini kuwa wamejifunza kidogo, ilhali walipata alama za juu kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara. Uchambuzi wa tafiti 225 za vyuo vikuu uliotolewa 2014 nao ulionyesha kuwa wanaofundishwa kwa mihadhara pekee wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi. Lalamiko la mada za muhtasari wa somo kutokwisha kwa wakati lina uzito zaidi, na sina jibu lake kamili. Ninachoshauri ni swali moja tu kwa kila kipindi, si matano.

Upande wa hisabati bado tuko nyuma, kwa kuwa maswali mazuri ya mtego ni machache na hatujayakusanya mahali pamoja. Mapato na matumizi yatasomwa na mweka hazina.

Kwa hiyo naomba kila mwanachama aandike kwenye karatasi swali moja la mada inayomsumbua, pamoja na jibu lisilo sahihi ambalo wanafunzi wake hulitoa mara nyingi. Katibu atazikusanya karatasi hizo kabla hatujaingia ajenda ya nne.