Usiipake Gundi Miwani ya Babu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alipandisha sauti hapa dukani, tunapotengeneza miwani, mpaka wateja wengine wakanyamaza. "Skrubu mbili tu, elfu thelathini na tano? Huu ni wizi!" Lawama hii tumeisikia mara nyingi tangu fremu za nyusi zirudi kwenye fasheni, kwa hiyo leo najibu.

Ni ile miwani ambayo juu ina nyusi nzito za plastiki na chini duara jembamba la chuma. Kampuni ya Shuron ya Marekani iliitoa mwaka 1947, na Malcolm X, yule mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, aliivaa sana. Miaka ya 1980 Ray-Ban wakaitia lenzi nyeusi wakaiita Clubmaster. Sasa vijana wanafungua makabati ya wazee wao, na wanafanya vizuri, maana fremu nyingi za zamani zimeundwa kwa vipande: ukilegeza skrubu, nyusi inatoka, chuma kinabaki, kila kimoja kinatengenezeka.

Kinachoziua ni supagluu.

Kijana yule alikuwa ameshaipaka kwenye bawaba. Ikakauka, mkono ukagoma kukunjika, na mvuke wa gundi ukaacha ukungu mweupe kwenye lenzi. Akachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha ya dada yake, akasugua. Dawa ile ikiwa na asetoni inayeyusha asetati, ile plastiki iliyotumika kwenye fremu nyingi. Nilipoishika, upande wa kulia ulikuwa umelainika kama pipi iliyolambwa, alama ya kidole chake imeganda pale pale.

Kwa hiyo bei haikuwa ya skrubu mbili. Ilikuwa ya kuchokonoa gundi kwenye bawaba kwa sindano bila kuvunja meno yake, kutoa skrubu iliyoganda, kupiga msasa mwepesi, kung'arisha, kisha kuikunja upya kwa joto la polepole. Karibu saa tatu za mtu aliyeinama. Angekuja siku ile bawaba ilipolegea, angelipa elfu tano, angesubiri akinywa chai.

Joto nalo lina adabu yake. Mama mmoja aliiacha miwani kwenye dashibodi juani, ikapinda. Mumewe akainyoosha juu ya jiko. Ikakatika puani. Na zipo fremu za zamani sana za selulosi naitreti, plastiki ya kale, zinazonukia kafuri zikipata moto. Hizo zinashika moto kwa urahisi, ndiyo maana nainusa fremu kuukuu kabla sijaipasha.

Kuhusu lenzi, msinidai bei ya barabarani. Weusi si kinga. Lenzi nyeusi isiyozuia miale ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana inayoumiza macho, ina hatari yake: kwenye giza lile mboni inapanuka, na miale inapita kwa wingi zaidi. Tunazokata sisi ni UV400, yaani zinazuia miale hadi nanomita 400, na kila jozi naipitisha kwenye kipimo mbele yako. Niombe nikuoneshe, wala sitachukia.

Kuangalia fremu hatutozi. Ikivunjika, usiunganishe chochote. Funga vipande vyote kwenye kitambaa, hata kile kidogo kama punje ya mchele, uje navyo.