Barua kwa Mjomba: Ghorofa za Calgary na Edmonton

Edmonton, Kanada

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baridi imeanza kulegea, barafu ya barabarani inayeyuka mchana na kuganda tena usiku. Natumai wewe, mkaza mjomba na wote hapo Tanga mu wazima.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeupata. Unasema mwanao amekuletea picha za ghorofa za Calgary, mimi nimekuletea za Edmonton, na sasa hapo barazani wazee mmegawanyika, kila mmoja na jiji lake. Unataka nikuambie lipi hasa ndilo kubwa. Wewe umejenga nyumba za watu maisha yako yote, kwa hiyo nitakujibu kwa vipimo kwanza.

Kwa watu, Calgary inatupita. Sensa ya mwaka 2021 iliwakuta wao wapata milioni 1.3, sisi milioni moja na kidogo. Kwa urefu wa jengo, tunawapita sisi. Mnara wa Stantec una ghorofa 66 na mita 251, na ulipokamilika mwaka 2019 ulikuwa mrefu kuliko jengo lolote la Kanada ukiiondoa Toronto. Jengo refu la Calgary, Brookfield Place, lina mita 247. Ni mita nne tu hizo, lakini watu wa huku wanazihesabu!

Uhasama wenyewe ni wa zamani. Miji hii iko umbali wa kilomita kama 300, barabara moja iliyonyooka. Reli kuu ilifika Calgary mwaka 1883, sisi wa kaskazini tukaachwa pembeni. Alberta, yenye miji hii yote miwili, ilipokuwa jimbo mwaka 1905, makao makuu yakawekwa Edmonton, na baada ya muda mfupi chuo kikuu nacho kikaja upande wetu. Calgary ikabaki na donge. Mwaka 1947 mafuta mengi yakapatikana Leduc, kusini kidogo ya Edmonton, ungedhani sasa utajiri wote ni wetu. Lakini Calgary ilikuwa na visima vyake vya Turner Valley tangu 1914, na watu wa mafuta walikwishazoea kufungua ofisi kule. Basi viwanda vya kusafishia mafuta vikajengwa kwetu, na ofisi za wakurugenzi zikajengwa kwao. Ndiyo sababu picha za mwanao zimejaa minara. Mpira wa magongo wa barafuni ndio unaoonyesha hasira yote: timu yao ikikutana na yetu, ni kama Simba na Yanga, hata kazini watu hawaongei vizuri siku hiyo.

Uliuliza kwa nini Edmonton, kama ina fedha, ilikaa na majengo mafupi miaka yote. Mjomba, sababu ni ndege. Tulikuwa na kiwanja cha ndege karibu kabisa na katikati ya jiji, na kwa usalama wa ndege hakuna aliyeruhusiwa kupandisha jengo la katikati ya mji kupita kiasi cha mita 150. Mwaka 2011 walimaliza mnara mmoja wa ofisi, ukaishia mita 149. Baraza la jiji lilikuwa limeamua mwaka 2009 kukifunga kiwanja kile kwa awamu, na watu wakagawanyika vibaya. Wapo waliokusanya saini kupinga, na hoja yao kubwa ilikuwa ndege za wagonjwa: mtu anayetoka vijiji vya mbali vya kaskazini akishushwa pale, hospitali iko jirani. Mimi ni muuguzi, hoja hiyo siwezi kuidharau. Dakika zina maana kwa mtu anayevuja damu. Hatimaye kiwanja kilifungwa mwezi Novemba 2013, na pale palipokuwa na njia ya kurukia ndege sasa panajengwa mtaa wa nyumba za kuishi. Kwa hiyo nikiuangalia mnara wa Stantec najua umelipiwa zaidi ya saruji na nondo. Nataka na wazee wa barazani walijue hilo kabla ya kushangilia mita zetu.

Sasa nije kwenye lile jengo la Calgary lililokupendeza, lililopinda. Linaitwa The Bow, jina la mto unaopita mjini. Lina ghorofa 58 na mita 236, na mchoro ni wa ofisi ya Norman Foster, msanifu majengo wa Kiingereza. Lingekufurahisha. Nguzo za chuma za nje zimelazwa mshazari, zikikutana kuunda pembetatu kubwakubwa, kila pembetatu ikipanda ghorofa sita, na hizo ndizo zinazobeba jengo na kupambana na upepo. Mpindo wake umetazama upande wa jua, maana jua la huku wakati wa baridi ni mali. Msingi walioumwaga mwaka 2008 ulichukua saa 36 bila kusimama, malori ya zege yakipishana usiku na mchana. Wewe uliyekuwa ukitufukuza tusikanyage zege bichi la chumba kimoja, hebu fikiria msimamizi wa kazi ile alilalaje! Mbele yake kuna sanamu ya kichwa cha msichana, kazi ya msanii Jaume Plensa, imesukwa kwa nyaya nyeupe, na unaingia ndani yake ukasimama. Nilipoenda kumtembelea mwanao tuliingia pamoja na watoto wakagoma kutoka.

Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya kampuni ya mafuta na gesi ya Encana. Lilikamilika 2012 kwa fahari kubwa, bei ya mafuta ikiwa juu. Mwaka 2014 bei ikaporomoka. Kampuni zikapunguza watu, lakini minara iliyokwisha kuanzwa haikuweza kuachwa hewani, ikaendelea kupanda: Brookfield Place ilikamilika 2017, wakati ofisi tupu mjini tayari zilikuwa nyingi. Na mwanzoni mwa 2020 Encana yenyewe ikahamishia makao yake Marekani, ikabadili na jina. Waliojengewa wakahamisha makao, jengo likabaki. Kufika 2021, karibu theluthi moja ya ofisi zote za katikati ya Calgary zilikuwa tupu. Siyo vibanda, Mjomba, ni ghorofa kwa ghorofa, zulia limetandikwa, taa zinafanya kazi, mtu hakuna. Na jengo tupu halilipi kodi ya jiji kama lililojaa, kwa hiyo mzigo uliwaangukia wenye maduka madogo mitaani. Watu wa Edmonton waliocheka wakati ule walinikera. Mwenye kufutwa kazi kule alikuwa na watoto kama wenzake.

Lakini walichofanya baadaye ndicho kimenifanya niiheshimu Calgary kuliko minara yake yote. Mwaka 2021 jiji lilianza kuwapa wenye majengo dola 75 za Kanada kwa kila futi ya mraba ya ofisi itakayogeuzwa kuwa nyumba za kuishi. Ukisikia hivyo unadhani ni kuweka vitanda tu. Ofisi imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Sakafu ni pana, madirisha yako mbali na katikati, na chumba cha kulala kinahitaji dirisha. Vyoo vimekusanywa pamoja karibu na lifti. Sasa kila familia inataka jiko lake na bafu lake, ina maana kutoboa zege kila ghorofa na kushusha mabomba mapya hadi chini. Ndiyo maana si kila mnara unafaa. Ile mipana mno huachwa, huchukuliwa ya zamani na myembamba, ambayo mtu hasimamishi gari kuipiga picha.

Na hapo ndipo alipo mwanao. Nadhani hakukueleza vizuri, kwa kuwa ni mpole wa kujisifu. Umeme anaoufunga miezi hii ni wa jengo la namna hiyo, ofisi za zamani zinazogeuzwa kuwa nyumba. Alinionyesha ghorofa moja iliyokwisha: mlango, jiko, chumba, dirisha kubwa linaloona milima kwa mbali. Nilisimama pale nikakufikiria wewe. Picha alizokuletea ni za majengo maarufu, lakini ile kazi yake ndiyo ningetaka uione.

Kwa hiyo jibu langu barazani ni hili: mita ni zetu, watu ni wao. Ukinilazimisha kuchagua jengo, nitachagua Stantec, kwa sababu moja ambayo haihusu urefu. Chini ni ofisi, juu wanaishi watu, na hata kampuni zikihama kesho, kutakuwa na wanaopika ubwabwa huko juu. Calgary wanayafikia hayo sasa kwa njia ngumu, kwa nyundo na mashine za kutobolea, na wanafika.

Mwanao atapiga simu Ijumaa baada ya sala. Mwulize hasa wanavyoshusha mabomba katika sakafu ambayo nyaya zake za chuma zimevutwa ndani ya zege, maana nilimwuliza akanieleza nami sikuelewa nusu yake, wewe utaelewa. Na umwambie apige picha ya kazi yake mwenyewe.

Nisalimie mkaza mjomba, mama nitampigia Jumapili. Wazee wa barazani wote nawaamkia.

Wasalaam,
Mpwa wako