Windows ya ndani haina intaneti, ya nje inayo: tafuteni hapa kwanza

Ofisi nyingi za Lubumbashi, hasa za deklaranti (mawakala wa forodha) na wahasibu, bado zinashikilia programu za zamani zisizokubali Windows mpya. Dawa ya kawaida ni kusakinisha VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta yenu, kisha kuweka ndani yake Windows ambayo programu hiyo ya zamani inaielewa. Hiyo ndiyo Windows ya ndani; ya nje ni ile ya kompyuta yenyewe. Siku konekisio ya ndani inapokufa huku ya nje inacheza video vizuri, watu hukimbilia kununua mega (bando la intaneti). Kama Windows ya nje inafungua kurasa, tunzeni pesa yenu: mega hazihusiki.

Ndani, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni cmd, halafu kwenye dirisha litakalofunguka andikeni ipconfig. Someni namba ya IPv4. Mkikuta 10.0.2.15, mko kwenye NAT, yaani Windows ya ndani inapitia konekisio ya Windows ya nje, na kadi ya mtandao inafanya kazi. Mkikuta namba inayofanana na za kompyuta zingine za ofisi, kwa mfano 192.168.1.40, mko kwenye daraja, yaani Windows ya ndani inaomba namba moja kwa moja kwa ruta. Namba inayoanza na 169.254 maana yake iliomba na hakuna aliyeijibu. Kama hakuna namba kabisa, zimeni Windows ya ndani, ingieni mipangilio ya mtandao ya VirtualBox na mhakikishe kadi imewashwa na kebo yake ya kubuni imechomekwa. Mara nyingi mtu ameondoa alama ile bila kujua.

Hiyo 169.254 ndiyo inayosumbua zaidi hapa mjini, na chanzo chake ni umeme. Daraja hufungwa kwenye kadi moja tu ya kompyuta. Mlilifunga kwenye kadi ya kebo inayokwenda kwenye ruta. Umeme umekatika, ruta imezimika, mmewasha hotspot ya simu. Windows ya nje imehamia Wi-Fi yenyewe, ila daraja limebaki kwenye kebo iliyokufa. Mnaweza kulihamishia Wi-Fi, lakini Wi-Fi na daraja havipatani kila mara, kwa sababu vifaa vingine hukataa kuhudumia mashine mbili kupitia kadi moja. Kwa ofisi inayoishi na umeme wa kukatika tunapendekeza NAT: yenyewe hufuata njia yoyote ambayo Windows ya nje inatumia. Hasara yake ni moja. Kompyuta zingine za ofisi hazitaiona Windows ya ndani mpaka mfungue mlango maalumu kwenye mipangilio ya NAT. Kama wahasibu watatu wanachangia faili moja la data lililo humo, bakini na daraja, lakini ruta iunganishwe kwenye betri.

Namba ni nzuri na kurasa hazifunguki? Andikeni ping 10.0.2.2 (kwenye daraja, tumieni namba ya ruta), kisha ping 8.8.8.8. Zote mbili zikijibu, njia ipo na kinachokosekana ni DNS, anayegeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwenye NAT hutokea hivi: Windows ya ndani ilipewa DNS ya ruta asubuhi, mchana mmehamia simu, nayo bado inauliza ruta ile. Andikeni ipconfig /renew, kisha ipconfig /flushdns. Ikirudia kila siku, wekeni DNS kwa mkono, 8.8.8.8 na 1.1.1.1, na suala litaisha.

Kurasa zikikataa kwa onyo la cheti, angalieni saa kabla ya kugusa chochote. Mashine iliyogandishwa Ijumaa na kuamshwa Jumatatu inaweza kudhani bado ni Ijumaa, na tovuti salama hazikubali tarehe iliyokosewa. Guest Additions (programu za nyongeza za VirtualBox) zikiwa zimesakinishwa humo ndani, saa hujirekebisha. Internet Explorer ya Windows XP ni jambo lingine: haielewi usimbaji wa tovuti za leo, hata rezo iwe nzuri namna gani.

Mkinakili mashine moja kwenye kompyuta mbili, chagueni anwani mpya ya MAC (namba inayotambulisha kadi ya mtandao) wakati wa kunakili. Vinginevyo, kwenye daraja zitagombania namba moja, na ofisi itaona konekisio inakuja na kuondoka bila sababu.

Tena, kwa wenye Windows 10 ndani: yenyewe huona kebo, haijui kwamba nje mnatumia mega za simu. Hata kama nje mmeweka alama ya konekisio ya kulipia kwa kipimo, ndani itaendelea kupakua masasisho. Wekeni alama hiyo na humo ndani pia.

Je, programu yenu inahitaji intaneti kweli? Windows 7 ilikoma kupata masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Kama kazi yake ni kuandika ankara tu, tungeiondolea kadi ya mtandao kabisa na kupitisha faili kwenye folda ya pamoja ya VirtualBox, ambayo haitumii mtandao.

Mkikwama, mtutumie kwa WhatsApp picha mbili: matokeo ya ipconfig /all ya ndani, na ya nje. Mkituambia pia kama mko kwenye kebo au hotspot, mara nyingi tunamaliza kwa simu bila kufika ofisini.