Abunuwasi naye ni wa Zama za Kati

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lako lililopita nilisoma makala ya mwandishi aliyelalamika kwamba vijana wetu, kwa kushinda wakitazama filamu na kucheza michezo ya kompyuta iliyojaa ngome, mapanga na mazimwi, wanahamishwa akili kwenda Ulaya ya Zama za Kati (takriban karne ya 5 hadi ya 15), enzi ambayo kwa maoni yake haituhusu ndewe wala sikio. Sikubaliani naye, na ushahidi wangu hauko mbali. Yeye mwenyewe bila shaka alisimuliwa visa vya Abunuwasi alipokuwa mtoto, na Abunuwasi ametoka katika Zama za Kati hizo hizo, tena ana karne kadhaa mbele ya Robin Hood, yule mhalifu wa msituni wa hadithi za Kiingereza aliyemtaja kwa dharau.

Abunuwasi alikuwepo kweli. Jina lake ni al-Hasan ibn Hani, mshairi wa karne ya 8 aliyezaliwa Ahwaz kwa mama Mwajemi, akakulia Basra, kisha akaenda kutafuta riziki Baghdad, mji ambao wakati huo ulikuwa mchanga, kwani ulianza kujengwa mwaka 762. Lakabu ya Abu Nuwas aliipata kwa sababu ya vishungi vya nywele vilivyomning'inia mabegani. Alitunga mashairi ya kusifu mvinyo, akaonja gereza, akawa mwandani wa Khalifa al-Amin, mwana wa Harun al-Rashid, na hadi leo Waarabu wanamhesabu miongoni mwa washairi wao wakubwa. Sisi wa mwambao tulimpokea bila mashairi yake na bila mvinyo wake (hili la pili nadhani wazee wetu walilifanya kwa makusudi), tukabaki na mjanja anayembwaga Sultani kwa maneno matupu.

Hata visa vyenyewe vingi si vyake. Chukua kile cha sufuria: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria ndani yake, anasema imezaa, na jirani kwa tamaa anapokea vyote viwili bila kuuliza, anapoazima tena harudishi, anasema imekufa, na jirani anapokwenda kushtaki anaulizwa vipi alikubali kwamba sufuria huzaa lakini anakataa kwamba hufa. Waturuki wanakisimulia kisa hicho hicho kwa jina la Nasreddin Hoja, mjanja wa hadithi zao. Juzi nilimsikia mjukuu wangu akiwasimulia wenzake barazani, lakini kinywani mwake kilichoazimwa kilikuwa simu, nayo ilizaa chaja. Sikumsahihisha, maana watoto walicheka pale pale tulipokuwa tukicheka sisi, yaani pale jirani mwenye tamaa anapotambua kwamba amefungwa na ulimi wake mwenyewe.

Huyo Robin Hood naye ameishi kwa njia hiyo hiyo. Katika tungo za zamani kabisa zinazomtaja si bwana mkubwa hata kidogo. Ukabaila alipewa na mtunzi wa tamthilia Anthony Munday mwaka 1598, wakati mhalifu huyo wa msituni alikuwa ameshaimbwa kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1984 mfululizo mmoja wa televisheni ya Uingereza ulimwongezea mwenzake Mwislamu aliyeitwa Nasir. Miaka saba baadaye filamu kubwa ya Marekani ikamweka Mwislamu mwingine ubavuni pake, aliyeigizwa na Morgan Freeman, na leo watazamaji wengi wanaamini kwamba mtu huyo alikuwamo katika hadithi tangu mwanzo.

Kinachowavuta vijana basi si ngome, wala si Ulaya. Mimi nadhani ni ule umbali. Harun al-Rashid, khalifa ambaye visa vya Abunuwasi humfanya kuwa Sultani, alifariki mwaka 809. Mtu akimcheka leo hakuna wa kumwita ofisini kujieleza, na msimulizi akimfanya hakimu wa kale kuwa mla rushwa, kila msikilizaji anajua anayesemwa ni nani bila jina kutajwa. Bibi zetu walilijua hilo ndiyo maana walianza na "hapo kale", na watengenezaji wa filamu wanaotumia mamilioni ya dola kujenga kasri la mbao na plasta wanafanya lile lile kwa gharama kubwa zaidi.

Ombi langu kwako, Mhariri, linahusu ukurasa wenu wa watoto. Mnapochapa visa vya Abunuwasi, ongezeni mistari miwili ya kumweleza yule mshairi wa Baghdad, ili mtoto ajue kwamba anacheka na watu waliotangulia miaka elfu moja na zaidi. Mchoraji wenu na aendelee kumvika kofia ya viua na kanzu ya mwambao, hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni mtindo ninaouona katika baadhi ya vitabu vya siku hizi, ambamo Sultani amegeuzwa babu mpole mwenye hekima, na Abunuwasi kazi yake ni kumfurahisha tu. Kimoja cha namna hiyo nilimsomea mjukuu wangu. Alikisikiliza hadi katikati, akaaga, akaenda kucheza mpira.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Tanga